Nimebaki, Nani Atanibeba?

Wiki iliyopita niliwaacha mlangoni. Mkono wangu uko kwenye kitasa cha ofisi ya Dada Maslahi, nimeitwa peke yangu, na ghala zima linanitazama mgongoni.

Kabla sijafungua, nimkumbushe aliyekosa gazeti. Mimi ni dereva wa vifurushi kwenye kampuni kubwa, ile yenye magari meupe yanayokukatizia kila ukitaka kuvuka barabara. Nilipoanza kulikuwa na chakula cha mchana, malipo ya saa za ziada na kadi ya matibabu ya familia nzima. Chakula kikaenda. Saa za ziada zikafuata. Kisha wakubwa wakakaa kwenye viti vyao vya kuzunguka, wakaamua kwamba mke si familia. Mke wangu alitolewa kwenye kadi akiwa kitandani hospitali. Nilishasimulia, sirudii. Nikirudia nalowesha karatasi, halafu mhariri analalamika hasomi mwandiko wangu.

Tangu hapo watu wanaikimbia kampuni kama nyumba inayowaka. Wanaletwa wapya, nao wanaondoka kabla sare haijafuliwa mara ya kwanza.

Na nyinyi wasomaji mnaniandikia: mzee, na wewe si uache? Mnaniuliza kana kwamba sijawaza!

Nina kitindamimba wangu, binti. Ana uvimbe shingoni, umekua mpaka unambana pumzi akilala chali. Daktari amesema apasuliwe Alhamisi. Kadi bado inamtambua yeye, kwa sharti baba yake awe kazini. Nikiacha kazi leo, kadi inakufa leo. Ndiyo maana nimebaki. Si mapenzi.

Haya, tuingie.

"Karibu, mzee wetu," alisema Dada Maslahi. "Chai?"

Nikashtuka. Huyu ndiye mkuu wa maslahi ya wafanyakazi, na jina hilo tulimpa sisi, maana kila akiita mkutano wa maslahi tunatoka na upungufu. Mara ya mwisho kunywa chai kwenye kiti kile ndiyo siku niliyoambiwa habari za mke wangu na kadi.

"Nimekunywa nyumbani, dada."

"Kunywa nyingine. Ya maziwa au kavu?"

"Kavu." Nilitaka nione mpaka chini ya kikombe.

Akakaa. Akakunja mikono vizuri juu ya meza. "Mzee, wewe ni wa siku nyingi hapa. Niambie ukweli. Kwa nini watu wanaondoka?"

Nikamtazama. Mtu kashika shoka, anauliza mti umeangushwa na nani.

"Sijui, dada. Mimi shule sikwenda mbali."

"Hawana mtu wa kuiga, basi. Ndiyo maana tunaanzisha Balozi wa Kubaki."

"Balozi wa nini?"

"Wa Kubaki. Mtu anayeheshimika, awaonyeshe wenzake kwamba hapa kuna kesho."

"Anaongezwa mshahara huyo balozi?"

Akacheka. "Anapewa fulana."

Nilikuwa natafuta jibu la heshima wakati mfuko uliokuwa miguuni pangu ulipoanza kulia.

Hapa inabidi niwaeleze jambo ambalo tulikuwa hatulisemi nje ya ghala.

Kila dereva ana kidude chake cha mkononi. Ndicho kinachosoma vifurushi, ndicho kinachoonyesha njia, na mteja akipiga simu kinalia hichohicho. Ofisi haimjui dereva, inajua kidude. Sasa, wakubwa waliamua kwamba asiyefika kazini kwa ugonjwa anafungiwa kadi ya matibabu. Soma tena polepole. Ukiugua, kadi ya matibabu inafungwa. Kadi imekuwa ya wazima!

Basi na sisi tukajitungia maslahi yetu. Tunaita kubebana. Ukiugua, kidude chako kinakuja kazini bila wewe. Mpakiaji wetu, tunamwita Winchi kwa ajili ya mikono yake, anagawa mizigo yako kwa wenzako. Mmoja anashika kidude chako, anakipitisha kwenye kila kifurushi, na jioni ofisi inaona ulikuwepo. Wote mnachelewa kidogo kurudi nyumbani, na hakuna anayenuna. Mimi mwenyewe nilibebwa wakati namuuguza mke wangu. Aliyenibeba ni rafiki yangu Breki, dereva mwenzangu.

Na siku hiyo nilikuwa nambeba Breki. Alisema mgongo umekatika. Kwa hiyo mfukoni mwangu kulikuwa na vidude viwili, na kinacholia hakikuwa changu.

"Pokea, mzee," alisema Dada Maslahi. "Mteja hasubirishwi."

Nikapokea. Sauti ya mwanamke ikajaa ofisi nzima.

"We Breki! Godoro langu liko wapi? Jana nimelala sakafuni kama paka!"

"Linakuja, mama."

"Mbona sauti si yako?"

"Mafua, mama."

"Hayo mafua yasiguse godoro langu!" Akakata.

Dada Maslahi alikoroga chai yake taratibu. Akaonja. Akaniambia, "Pole na mafua, Breki."

Jasho likanishuka mpaka kwenye soksi. Nikasubiri aite walinzi. Hakuita.

"Mzee, mlidhani hatujui? Tumejua tangu mlipoanza. Mgonjwa analala, mizigo inafika, kampuni haiajiri kibarua wa kuziba pengo. Mnatusaidia sana."

"Basi mtuachie hivyohivyo."

"Tunawaachia," alisema. "Mpaka siku tukitaka vingine." Akafungua droo, akatoa kibao cheupe kimeandikwa neno moja kwa herufi kubwa: NIMEBAKI. "Picha moja tu. Alhamisi binti yako anapasuliwa, si ndiyo? Hutaki mambo ya kadi yakusumbue siku kama hiyo."

Nikaweka kikombe mezani. Habari ya Alhamisi nilikuwa nimewaambia watu wawili tu pale kazini. Winchi na Breki. Nyumbani anajua mama mkwe wangu, naye hazungumzi na mtu wa kampuni zaidi yangu, na hata mimi hanipendi sana.

Kwa hiyo kati ya wawili wale, mmoja ana mdomo.

Picha nilipiga. Mnataka niseme nini? Nilishika kibao, na nilitabasamu pia, maana mpiga picha alisema, "Mzee, fikiria jambo zuri," nami nikaifikiria Ijumaa.

Kufika mchana, uso wangu ulikuwa kwenye kila kidude cha kampuni. Kila dereva akisoma kifurushi, kabla anwani haijatokea, natokea mimi na meno yangu. NIMEBAKI. NA WEWE JE?

Niliporudi ghalani nilipokewa kwa makofi.

"Mheshimiwa Balozi!"

"Balozi, nigongee viza ya kuondoka!"

"Msimguse, huyo ni mali ya serikali!"

Mmoja hakucheka. Alinipita akatema mate karibu na kiatu changu, si juu yake, karibu. Huyo mkewe alitolewa kwenye kadi siku moja na wangu.

Nikamfuata Winchi nyuma ya mizigo. "Kesho Alhamisi vipi? Umenipatia wa kunibeba?"

"Nilikuwa nimempata," alisema, hanitazami. "Lakini uso wako umewachefua watu. Napitisha kifurushi, wewe. Napitisha kingine, wewe. Hata mke wangu simwoni mara nyingi hivyo."

"Winchi. Ni mtoto."

"Najua ni mtoto. Nenda naye. Kidude kaa nacho, atakayekubali nitamwambia akipitie hospitali asubuhi."

"Wewe ulimwambia mtu kuhusu Alhamisi?"

Sasa akanitazama. "Mimi? Muulize aliyekupa chai."

Jioni nikapita kwa Breki nimrudishie kidude chake, na nimwangalie usoni. Alifungua mkewe, amejifunga khanga, sufuria mkononi.

"Shemeji! Umemwacha wapi mwenzio?"

"Nani?"

"Breki. Si mko wote kazini? Ametoka asubuhi na sare yake imepigwa pasi."

Nikakaza mfuko mkononi. "Na mgongo wake?"

"Mgongo wake una nini?"

"Hapana. Nauliza tu. Mizigo siku hizi mizito." Nikampa kidude kikiwa kwenye mfuko. "Alikisahau. Mwambie nilipita."

Nikarudi nyumbani kwa miguu ili nipate kufikiri, nikafika sijafikiri chochote. Mtu ninayembeba haumwi. Anavaa sare ya kampuni, anaaga mkewe, na ghalani haonekani. Anakwenda wapi? Na kwa nini Dada Maslahi aliita jina lake kwa ulaini ule, kama anamwita mtu wa nyumbani?

Mama mkwe alinisikiliza mpaka mwisho. Anaishi nasi tangu msiba wa binti yake, na tangu msiba hajanisamehe kazi yangu.

"Nilimwambia marehemu aolewe na yule fundi wa mabomba," alisema. "Akasema fundi ananuka. Haya. Kesho usimwamini mtu, baba, hata akikuambia kesho ni Alhamisi."

Binti yangu alikuwa amekaa kitandani na mito mitatu mgongoni, maana kulala hawezi. "Baba, kesho utakuwepo?"

"Nitakuwepo."

"Si lazima uwe kazini?"

"Nitakuwa kote."

Akacheka, kicheko kikaishia shingoni kwa mluzi. Nikatoka nje ya chumba kabla hajayaona machozi yangu.

Alhamisi tukafika hospitali mapema. Karani wa dirishani, dada mnene mwenye miwani ya kamba, akapokea kadi, akaigeuza, akaguna.

"Kampuni yenu imeleta utaratibu mpya, mzee. Kabla mgonjwa hajaingia kupasuliwa, tunapiga simu wathibitishe kwamba mfanyakazi yuko kazini leo."

"Sawa."

"Na hapa kwenye ruhusa ya upasuaji anatia sahihi mzazi. Lazima awepo mpaka atoke, daktari akihitaji ruhusa nyingine."

"Mzazi ni mimi. Mama yake amefariki."

"Na mfanyakazi ni nani?"

"Mimi."

Karani alinitazama. Akatazama kadi. Akachukua kitambaa akafuta kioo cha dirisha, ambacho hakikuwa kichafu.

"Nitie sahihi mimi," alisema mama mkwe, akisukuma kiwiko chake mbele. "Nimemzaa aliyemzaa."

"Bibi, wanataka mzazi."

"Mimi mzazi kuliko huyu!"

"Mzee," karani alisema kwa sauti ya chini, "mimi sijasikia kitu. Simu nitaipiga daktari akiwa tayari. Mpaka hapo, panga mambo yako."

Nilikwenda pembeni. Kidude changu kilikuwa mfukoni, kimya, hakijasoma hata kifurushi kimoja. Ofisi wakikitazama wataona kimekaa mahali pamoja kama jiwe. Nikampigia Winchi kwa simu yangu.

"Mtu wako yuko wapi?"

"Hakuna mtu."

"Hukupata hata mmoja?"

"Hunielewi. Hakuna mtu ghalani! Wamekuja asubuhi, wamepanga vidude vyao sakafuni mbele ya geti, vyote vinaonyesha uso wako, wakavuka barabara. Wamekwenda kwa mashati ya kijani."

Mashati ya kijani ni kampuni nyingine ya vifurushi, wapinzani wetu.

"Wote?"

"Nimebaki mimi na mizigo hadi darini. Wakubwa wanakimbia humu kama kuku. Dada Maslahi ametoka na gari, hakusema aendako." Akashusha sauti. "Wanasema wewe ulikuwa mtu wa ofisi siku zote, Balozi. Wanasema ulipewa kitu."

Nilipogeuka, mtu alikuwa anakuja kwenye korido ananiangalia. Mrefu, anatembea haraka, mgongo umenyooka kama mlingoti. Amevaa shati la kijani.

Breki.

"Mgongo umepona?" nikamuuliza.

"Mgongo haujawahi kuuma." Hata hakutazama chini. "Nilikuwa kule. Natoka nyumbani na sare ya kwetu, navaa shati hili njiani. Nilitaka nijue kama panakalika kabla sijaacha. Nina watoto, kaka."

"Na mimi natembeza mizigo yako, naambiwa na wateja nisisambaze mafua!"

"Nisamehe."

"Na kadi? Kule wana kadi?"

"Hawana kabisa. Wana mshahara, basi."

"Nani alimwambia Dada Maslahi kuhusu Alhamisi?"

Hapo macho yake yakaruka. Yalikwenda kwenye dirisha la nje, yakarudi. "Sijui. Kaka, hatuna muda. Winchi kanieleza, gari lako limeshapakiwa. Jina langu halijafutwa ghalani kwetu, getini nitapita. Nipe kidude chako nikubebe leo."

Akanyoosha mkono.

Ni mkono ninaoujua. Ndio ulioshika kidude changu nilipokuwa nimeshika kifaa cha mke wangu cha kupumulia. Lakini pia ni mkono wa mtu aliyenidanganya mimi na mkewe kwa sare ya kupigwa pasi, akasimama mbele yangu na shati la watu wengine bila aibu. Nikimpa, na yeye ni mtu wa Dada Maslahi, nimempelekea kadi ya mwanangu kwenye sahani. Nisipompa, kidude kinalala, na kadi inalala nacho.

"Usimpe," alisema mama mkwe. "Mtazame macho."

"Mama, wewe nyamaza kwanza."

"Nyamaza wewe! Nimezika mmoja kwa ajili ya kampuni yenu."

Walikuwa wameshamleta binti yangu kwenye kitanda cha magurudumu, amevaa gauni la hospitali, kichwa kimeinuliwa. Nesi amesimama nyuma yake. Alikuwa amesikia yote.

"Baba," alisema. Pumzi ikapiga mluzi. "Baba mdogo Breki alikuja kwenye msiba wa mama akaosha vyombo vyote. Mpe."

Breki akageuza uso ukutani.

Nikampa.

Alikishika kidude kwa mikono miwili, akaondoka karibu anakimbia, shati la kijani likapotea kwenye ngazi.

"Umefanya," alisema mama mkwe. "Haya. Umefanya."

Nikaenda kwenye dirisha la korido nimwone anavyotoka. Ghala liko upande wa kushoto, ndiko mabasi yanakokwenda. Breki alitoka mlango mkubwa, akasimama, akaangalia huku na huku. Akageuka kulia.

Kulia kulikuwa na gari dogo jeupe limeegeshwa chini ya ukuta, injini inanguruma. Si la kubebea mizigo. Lile la ofisini. Breki aliinama kwenye kioo, akazungumza kidogo, kisha akafungua mlango wa mbele akaingia, kidude changu kikiwa mkononi.

Kwenye usukani alikuwa Dada Maslahi. Alikuwa na simu sikioni.

Miguu ikaniambia kimbia. Nikageuka, na nilipogeuka nikamwona daktari kwenye mlango wa chumba cha upasuaji anamwashiria karani kwa kichwa, ndiyo, tayari. Nesi akafungua breki za kitanda. Binti yangu akaniinulia kidole gumba.

Karani alikuwa ameshapiga. Simu ilikuwa sikioni mwake, miwani imeshuka puani, anasikiliza. Nikatazama nje: midomo ya Dada Maslahi ilikuwa inacheza ndani ya gari. Nikatazama ndani: karani akaitikia, "Ndiyo. Ndiyo, nakusikia." Nikatazama nje tena. Mwanamke yule ameegesha mlangoni mwa hospitali, na anaongea kwa simu na karani wa hospitali hiyohiyo.

Karani akafunika simu kwa kiganja. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mzee," alisema, "hawajaniuliza kama uko kazini. Wananiuliza mimi, karani wa hospitali, nitamke kama baba wa mtoto yuko hapa au hayuko. Wanasema wataandika nitakachosema."

Magurudumu ya kitanda yakalia nyuma yangu, kisha yakasimama. Kila mtu alikuwa anasubiri.

"Niwaambie nini?"